Spinabeiti inalala upande, bledi imegoma, waya umekatika: ipi inatengenezeka na ipi ya kutupa

Wavuvi wa besi (samaki mwindaji wa maji baridi) wanaulizana sana hili swali, spinabeiti moja, kile chambo bandia cha waya chenye vibati vinavyozunguka, inakaa muda gani? Na majibu yake yanachekesha, mmoja atakwambia yangu ninayo tangu zamani na bado inapiga kazi, mwingine anasema yake imekatika asubuhi moja tu, na wote wawili wanasema kweli. Ishu ni kwamba spinabeiti sio kitu kimoja. Ni waya uliokunjwa kama sefti pini, mkono wa chini una kichwa cha risasi (yale madini mazito) na ndoano, mkono wa juu una bledi moja au mbili (hivyo vibati) na swiveli (kiungo kinachoiacha bledi izunguke), kuna klevisi (kile kipini kidogo kinachoshika bledi ya mbele) na shanga za kutenganisha, alafu kuna sketi, zile nyuzi za silikoni au mpira zinazofunika ndoano. Kila kimoja kina siku yake ya kufa.

Sasa kabla hujaanza kuhangaika na tatizo lolote, jua kwamba vitu viwili tu ndo havibadilishiki: waya na ndoano. Vyote viwili vimemwagiwa risasi pamoja kiwandani, ukivitoa umeshaharibu kichwa. Vilivyobaki vyote, sketi, raba inayobana sketi, swiveli, bledi, shanga, unabadilisha mwenyewe ukiwa umekaa na plaizi yako. Lakini watu wengi wanafanya kinyume kabisa, wanatupa spinabeiti nzima kisa sketi imechakaa, alafu wanang'ang'ania ile ambayo waya wake umekunjwa na kunyooshwa mpaka umechoka, na hiyo ndo itakuja kukatika na samaki mdomoni.

Kipimo cha kuanzia ni kimoja kwa matatizo karibu yote. Tafuta sehemu maji yanaonekana, kando ya boti au ukingoni, acha mshipi kama mita moja na nusu nje ya ncha ya fimbo ya kuvulia, ivute spinabeiti mbele ya macho yako. Ikiwa nzima inapita hivi: kichwa chini, ncha ya ndoano inaangalia juu, bledi ziko juu moja kwa moja usawa wa ndoano, na mkononi unasikia mtetemo usiokatika katika. Chochote tofauti na hapo ni dalili, twende nazo.

Inalala upande au inajipindua

Hii ndo malalamiko namba moja, na mara nyingi ni kitu cha sekunde chache tu. Ishike kichwa kikuelekee wewe, funga jicho moja, tazama kama mkono wa juu umekaa sawa juu ya ndoano. Ukikuta umekwenda kushoto au kulia hata kidogo basi umeshapata jibu, samaki wa mwisho aliupinda, au ulikwama kwenye gogo ukavuta kwa nguvu, au ilibanwa na vitu vingine kwenye boksi. Urudishe kwa kidole gumba taratibu, ukiupinda kinyume na upande unaolalia, kidogo, alafu jaribu tena majini. Ikizidi kulala umeenda upande sio, rudi. Usipinde sana kwa mara moja ukitegemea utanyoosha baadae, kila kunyoosha kunakula maisha ya waya na hilo tutalifikia.

Mkono uko sawa lakini bado inalala? Angalia kasi yako. Kila spinabeiti ina mwendo wake wa mwisho, ukiupita inajipindua hata kama imetoka dukani leo. Bledi za Colorado, zile za duara, zinashika maji mengi na zinainua, ukiweka Colorado kubwa kwenye kichwa chepesi cha aunsi 1/4 (gramu 7 hivi) itaanza kujipindua mapema sana. Bledi za wilo, zile nyembamba ndefu zenye umbo la jani, zinapita kwenye maji kirahisi kwa hiyo zinavumilia mwendo mkali. Indiana iko katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo kama unataka kuvuta mbio, weka wilo au panda kichwa cha aunsi 1/2 (gramu 14), usilazimishe ile Colorado. Na hapa rili (ile ya kukunjia mshipi) inawadanganya watu. Rili ya 7:1 inazungusha spuli (gurudumu lenye mshipi) mara 7 kila ukizungusha mkono wake mara moja, ukitoka kwenye ya 5:1 ukaendelea na mazoea yako ya mkono unakuwa unavuta haraka zaidi bila kujua, alafu spinabeiti ndo inalaumiwa.

Sababu nyingine ndogo ndogo: chambo laini cha plastiki ulichovisha kwenye ndoano kimekaa mshazari, kinafanya kazi ya usukani. Kitoe, kivishe upya katikati. Sketi nayo inaweza kuwa imejaa upande mmoja na upande wa pili nyuzi zimeng'oka, izungushe tu ikae sawa. Kichwa cha risasi kugongeka kwenye mawe hakusababishi kulala, risasi ni laini inabonyea na inaonekana vibaya lakini majini haina neno.

Kuna kulala upande kidogo ambako wengine wanakutaka kabisa, ili spinabeiti ijiegemeze kuelekea chini ya gati au kwenye nguzo badala ya kuja katikati. Wanapinda mkono makusudi. Sawa, ila weka spinabeiti moja kwa kazi hiyo, usiwe unaipinda na kuinyoosha ileile kila saa.

Bledi haizunguki, au inachelewa kuanza

Kwanza itenge: ni bledi ya nyuma (iliyo kwenye swiveli) au ya mbele (iliyo kwenye klevisi)? Ni magonjwa tofauti.

Ya nyuma, ishike spinabeiti bledi ikining'inia, pulizia kwa mdomo. Swiveli nzima inazunguka kwa pumzi tu, haihitaji nguvu. Ikizunguka nusu ikasimama, au ukiigeuza kwa vidole unasikia kama mchanga ndani, swiveli imejaa uchafu au imeanza kutu. Swiveli nzuri zina vigololi vidogo ndani na vigololi havipendi mchanga. Isugue kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kausha, weka tone moja la mafuta mepesi ya rili au ya cherehani, zungusha, puliza tena. Chunguza pia kama kuna unywele wa majani ya majini au kipande cha mshipi kimejisokota pale shingoni, kinaonekana kwa shida sana lakini kinasimamisha bledi kabisa, kitoe kwa sindano. Kama baada ya yote hayo bado inakwaruza basi badilisha swiveli, na ukibadilisha usiweke zile za bei ya chini zisizo na vigololi, zitazunguka ukivuta mbio lakini ukivuta taratibu zinalala, na spinabeiti inayozunguka kwa mwendo mkali tu ni nusu ya spinabeiti.

Angalizo hapo: kwenye nyingi swiveli imeshikwa na kitanzi cha mwisho wa waya, ukitaka kuitoa lazima ukifungue. Kifungue kidogo tu kwa kukizungusha pembeni badala ya kukivuta kikanyooka, na usitegemee kufanya mchezo huo mara nyingi.

Ya mbele, tatizo ni mara nyingi klevisi. Imebanwa ikawa inauma waya, au imelegea imekaa kichwa chini, au ndani ya vitundu vyake kumejaa uchafu mweusi. Ishike na uisogeze kwenye waya, iteleze na izunguke yenyewe bila kukwama. Imebanwa? Ifungue kwa ncha ya plaizi polepole. Angalia pia bledi imevishwa upande gani, upande wenye shimo, yaani ule uliobonyea, unatakiwa uangalie waya. Kuna watu wanabadilisha bledi wenyewe wanaivisha kwa nje alafu wanashangaa haipigi. Na ukipitisha kucha kwenye waya pale klevisi inapokaa, ukakuta mfereji, waya umeliwa, hapo hesabu zimeanza.

Bledi mbili zinagongana? Shanga zimepasuka au zimepungua. Kazi yake sio urembo, zinaweka umbali ili bledi ya mbele isilalie ya nyuma. Ongeza ushanga mmoja, au punguza saizi ya bledi ya mbele. Huo mgongano unasikika kama mtetemo wa kukatika katika, na watu wengi wanadhani ni swiveli.

Kuna hili la mwisho ambalo sio ubovu: spinabeiti ikishatua majini bledi inaweza kuwa imelala kwenye sketi au kujibana na mshipi. Ipe mshtuko mdogo wa fimbo mwanzo wa kuvuta, itaamka. Ikiamka kila mara na mshtuko mmoja, achana nayo iko salama.

Mtetemo umepungua lakini bledi inazunguka

Hii inachanganya kidogo. Bledi inazunguka, unaiona, lakini mkononi hausikii kitu. Anza na cha rahisi, kuna jani limenasa kwenye ndoano au kwenye kitanzi? Kesi nyingi zinaishia hapo. Kama hakuna, angalia bledi yenyewe kama imenyooka. Bledi inapiga kwa sababu ina bonde, ikikanyagwa au ikigonga mwamba ikawa bapa inateleza tu kwenye maji. Unaweza kurudisha bonde kwa kuibonyeza taratibu kwenye kitu cha mviringo lakini kusema ukweli bledi mpya ni kitu kidogo, badilisha.

Sababu ya tatu ni pembe ya mikono. Samaki akishauma anabana mikono miwili ya waya ikakaribiana. Pembe ikishakuwa nyembamba mtetemo unashuka, na ubaya mwingine bledi inaanza kuziba ncha ya ndoano. Fungua mikono irudi ilivyokuwa, na kama una nyingine mpya ya aina hiyohiyo zilaze sambamba ulinganishe badala ya kukisia. Hiki ndo kitu cha kwanza cha kuangalia kila baada ya samaki, kabla hata ya kurusha tena, inachukua sekunde.

Waya umekatika

Hapa ndo jibu la swali la umri lilipo.

Waya wa stenlesi unaotumika sana una unene wa kama milimita 0.9 mpaka 1. Mwembamba unatetema vizuri zaidi, bledi inafanya spinabeiti nzima itikisike, lakini unapindika haraka na unakatika mapema. Mnene unadumu ila unakuwa mzito wa mtetemo, unaishia kuvuta kijiko. Kwa hiyo spinabeiti nzuri ya maji baridi au maji machafu kwa asili yake ni ya maisha mafupi, na ukinunua yenye waya mwembamba umeshakubaliana na hilo. Sio ubovu wa kiwanda.

Chuma hakikatiki kwa sababu samaki alikuwa mkubwa. Kinakatika kwa sababu kimepindwa palepale mara nyingi. Kila ukipinda na kunyoosha sehemu moja chuma kinakuwa kigumu zaidi pale, kigumu maana yake hakinyumbuki tena, nyufa ndogo zinaanza ambazo macho hayaoni, alafu siku moja kinaachia kwenye samaki wa kawaida kabisa. Ndo maana inaonekana kama imekatika ghafla.

Ilikatikia wapi ndo inakwambia nani muuaji:

Ikikatikia kwenye kona unapofunga mshipi, ni uchovu wa kawaida, pale ndo pembe inapofunguka na kufunga kila samaki akiuma na kila ukinyoosha. Hii ndo kifo cha uzee, huna cha kulaumu. Unachoweza kufanya ni kuchelewesha: nyoosha kwa kidole gumba ukisambaza mpindo kwenye urefu wa mkono mzima, usiukamate kwa plaizi ukaupinda sehemu moja kali. Na usiguse kabisa ile kona.

Ikikatikia katikati ya mkono wa juu, angalia mahali pale kama kuna alama ya meno ya plaizi. Plaizi yenye meno inaacha mikwaruzo, ufa unaanzia kwenye mkwaruzo. Kama lazima utumie plaizi vaa kitambaa kwenye mdomo wake au tumia ile laini isiyo na meno.

Ikikatikia kwenye mfereji wa klevisi, ni msuguano. Ilikuwa imetumika sana, au klevisi ilikuwa na makali.

Ikikatikia pale waya unapoingia kwenye risasi, hapo mara nyingi ni kukwama. Umenasa kwenye mti, umevuta fimbo ikapinda mpaka mwisho, ikachomoka au ikakatika. Ukinasa usivute kwa fimbo kama unashindana, sogea upande wa pili na boti uivute kutoka kule ilikoingilia, au lenga fimbo kwenye spinabeiti na uvute mshipi taratibu.

Kuna za waya wa titani, mchanganyiko wa nikeli na titani, Terminator wana za aina hiyo. Hizo samaki anazikunja na zinarudi zenyewe zilivyokuwa, hakuna kunyoosha kwa hiyo uchovu unakuja polepole sana. Kwa mvuvi anayepoteza spinabeiti kwa waya kukatika zinalipa. Kwa mvuvi anayepoteza spinabeiti kwa kunasa kwenye magogo hazilipi hata kidogo, unazama nayo ya bei mbaya badala ya ya kawaida. Na zina kasoro moja, kama imetoka dukani inalala upande ni shida kuirekebisha kwa sababu waya unagoma kukaa unapoupinda, kwa hiyo ichunguze kabla ya kulipa.

Sasa, kama unataka kanuni ya kustaafisha ya stenlesi: ukiona waya umeshapindwa na kunyooshwa palepale mara nyingi, au ukiona kona imepauka rangi au ina mstari mwembamba mweusi, isirudi majini. Sio kesho. Samaki atakayeikata ataondoka na ndoano na sketi mdomoni na huo sio uungwana.

Sketi imeganda, imeshikana, imeteleza

Sketi ndo inakufa kwanza na ndo rahisi kuliko vyote, kwa hiyo sitakaa sana. Za silikoni ndo nyingi siku hizi, za mpira wa zamani bado zipo na wengine wanazipenda kwa jinsi zinavyocheza kwenye maji baridi. Za mpira adui yake ni joto na jua, ukiacha boksi kwenye gari lililofungwa mchana zinayeyuka zinashikana na hazirudi. Silikoni inavumilia joto zaidi, ila nayo ikikaa imebanwa muda mrefu nyuzi zinalala na kushikana, zitenganishe kwa vidole na maji yenye sabuni.

Sketi inateleza chini kwenye ndoano? Raba yake imekauka, sio sketi. Hiyo raba mara nyingi inakufa kabla ya nyuzi zenyewe. Funga kwa uzi imara au waya mwembamba wa shaba mizunguko michache, kata mabaki, na hiyo haitateleza tena. Nyuzi zikibaki chache au zikiwa zimekatwa katwa, badilisha yote. Besi mwenyewe hana meno ya kukata, ana meno madogo yanayokwaruza tu, kwa hiyo ukikuta sketi imenyolewa kwa mpigo mmoja jua kuna samaki mwingine mwenye meno makali, mfano paiki, amepita hapo, na kagua mshipi pia.

Rangi imehamia kutoka sketi moja kwenda nyingine, au kichwa kimekuwa kinanata? Umehifadhi pamoja na chambo laini cha plastiki. Mafuta yaliyo ndani ya ile plastiki yanakula rangi na yanahamisha rangi. Tenganisha maboksi. Na dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, hiyo inayeyusha plastiki nyingi na rangi, ukijipaka nawa viganja kabla hujashika vifaa.

Samaki wanagonga lakini hawashiki

Kabla hujasema leo samaki wana akili, pitisha ncha ya ndoano juu ya kucha yako bila kuikandamiza. Ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Spinabeiti inapigwa kwenye mawe na magogo siku nzima, hiyo ndo kazi yake, kwa hiyo ncha inaliwa hata kama hukuona. Inoe kwa tupa ndogo, piga kuelekea kwenye ncha, mara chache kila upande, usiigeuze sindano maana ncha ikiwa nyembamba sana inajikunja kwenye mfupa wa kwanza. Ndoano iliyofunguka ikapanuka unaweza kuirudisha mara moja, ya pili usiiamini.

Ncha kali na bado? Sketi inaweza kuwa ndefu kupita kiasi, samaki anauma mkia. Ikate iishie nyuma kidogo ya mpindo wa ndoano. Kisha ongeza ndoano ya pili ya nyuma, tundu lake linapita juu ya ndoano kubwa, na kipande cha mrija wa plastiki kinaizuia isichomoke. Kwenye majani mazito hiyo ndoano ya pili itakutesa, kila mrusho unarudi na saladi, itoe.

Na kumbuka ile pembe ya mikono niliyosema, ikishafungwa bledi inakaa mbele ya ncha na samaki anauma chuma tu.

Kutu kwenye ndoano: ya juu juu inasuguliwa na msasa laini inaisha. Kutu iliyochimba mashimo, hasa kwenye mpindo au pale ndoano inapoingia kwenye risasi, imekwisha hiyo. Chanzo mara nyingi ni chambo laini kilichoachwa kwenye ndoano baada ya kuvua, vingi vinatengenezwa na chumvi ndani, kinashika maji na chumvi palepale kwenye chuma usiku kucha. Kivue kila ukimaliza. Hii tabia moja peke yake inaokoa ndoano kuliko mafuta yoyote.

Mshipi unakatika au fundo linapanda juu

Spinabeiti nyingi zina kona iliyo wazi isiyo na kitanzi, fundo linakaa tu kwenye mpindo. Baada ya samaki au mrusho mbaya fundo linaweza kupanda mkono wa juu, spinabeiti inarudi kinyumenyume na unafikiri imeharibika. Shusha fundo, alafu vaa kipande kifupi cha mrija wa mpira pale juu ya kona kulizuia. Usitumie kipini cha kufungua na kufunga kwenye kona za namna hiyo, kinatembea hovyo. Funga mshipi moja kwa moja, fundo la palomari linatosha.

Zenye kitanzi kilichofungwa fundo halitembei, lakini angalia pale waya ulipozungushwa kama kuna ncha kali inayochuna mshipi, lainisha na msasa. Ukikuta mshipi unakatika hapohapo kwenye fundo kila mara, tatizo ni hiyo ncha, sio mshipi. Pitisha vidole kwenye mita ya mwisho ya mshipi kila baada ya kugusa mawe, ukisikia mkwaruzo kata na funga upya. Mshipi ukirudi umejisokota mpaka unajifunga mafundo, rudi juu kule kwenye kulala upande, spinabeiti inajipindua.

Rangi imebanduka, bledi zimefifia

Ya kichwa ni sura tu. Rangi ya unga iliyookwa inadumu zaidi ya ile ya kuchovya, ikibanduka paka rangi ya kucha na maisha yanaendelea. Bledi za shaba ya manjano zilizopakwa nikeli zinafifia lakini haziliwi, zile za chuma cha kawaida zinaota kutu na hizo badilisha. Kung'arisha kunasaidia kwenye maji meupe yenye jua, pale samaki anaona mng'ao kutoka mbali. Kwenye maji ya tope anakuja kwa kusikia mtetemo kupitia ule mstari wa pembeni mwa mwili wake, bledi ya Colorado iliyofifia inafanya kazi ileile. Kuna watu wanakesha wanapiga polishi bledi huku ndoano ni butu, sijui niseme nini.

Kuhifadhi

Ning'iniza au zipange zikiwa zimesimama kila moja kwenye nafasi yake, zisirundikwe, kwa sababu kwenye rundo mikono inapindana na unaanza kila safari kwa kunyoosha waya, na umeshaona kunyoosha kunafanya nini. Kausha kabla ya kufunga boksi. Kama umevua kwenye maji yenye chumvi kidogo karibu na bahari, suuza kwa maji baridi ya kawaida siku hiyohiyo. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya kitupe ndani ya boksi.

Ikishakufa kweli, waya umekatika au ndoano imeoza, vua bledi, swiveli, klevisi na shanga kama bado nzima, hizo ndo spea za nyingine. Kichwa cha risasi usikitupe majini wala ukingoni, ndege wa majini wakimeza vipande vya risasi vinawapa sumu, kusanya peleka kwenye vyuma chakavu, na nawa mikono baada ya kuvishika. Ncha ya ndoano ikate na plaizi kwanza ndo uiweke huko, mtu atakayepokea huo mzigo hajui kuna nini ndani.